Vyura wa Kihansi Waliopanda Ndege

Paukwa!

Naona kuitikia mnajua. Basi sogeeni karibu, maana kisa cha leo hakina sungura wala fisi, wala mfalme mwenye binti mmoja. Mhusika wake ni chura. Tena si yule chura wa bondeni anayepiga kelele usiku wa masika mpaka watu wakose usingizi. Huyu ni chura wa manjano, na jike mkubwa kabisa miongoni mwao hafikii urefu wa sentimita 3. Yote nitakayosimulia yametokea kweli, mengine Tanzania na mengine Marekani.

Kusini mwa Tanzania kuna milima ya Udzungwa. Ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, ile safu inayoanzia Taita nchini Kenya, ikapita Upare, Usambara na Uluguru, ikaishia huko Udzungwa. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zikifika kwenye milima hii hupanda, hupoa, na kuangusha mvua. Mvua hiyo imekuwa ikinyesha kwa mamilioni ya miaka, hata nyakati ambazo sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa kavu. Misitu ya milimani haikufa. Ilibaki kila mmoja peke yake, mlima kwa mlima, na viumbe waliokuwa ndani wakaendelea kubadilika kidogo kidogo bila kuchanganyika na wenzao wa mlima wa pili. Ndiyo maana leo ukitoka mlima mmoja kwenda mwingine unakutana na mimea na wanyama usiowaona mahali pengine popote duniani.

Katika Udzungwa unatiririka mto Kihansi. Juu kule mto huu unakwenda kwa utulivu, ukifika ukingoni mwa milima unaporomoka. Ndani ya kilomita chache tu maji yanashuka zaidi ya mita 800, yanaruka kutoka jabali hadi jabali, mpaka yanafika bondeni na kuelekea mto Kilombero. Kilombero unapeleka maji Rufiji, na Rufiji unayapeleka baharini.

Sasa fikirini maji mengi kiasi hicho yakigonga mwamba. Yanapasuka, yanageuka manyunyu, na upepo wa maporomoko yenyewe unayatawanya juu ya mawe na majani ya korongo. Zamani manyunyu hayo hayakukatika, iwe masika au kiangazi, mchana au usiku. Mawe yalikuwa na maji daima, joto halikupanda wala kushuka sana, na juu ya mawe yaliota majani mafupi laini yaliyolowa mwaka mzima. Chura wa manjano alikuwa anaishi humo. Ukijumlisha vipande vyote vya ardhi iliyokuwa ikipata manyunyu hayo, unapata takriban hekta 2, yaani pungufu ya viwanja vitatu vya mpira. Ulimwengu mzima wa chura huyu ulikuwa huo. Nje ya hapo hakuwahi kuonekana.

Kuna jambo jingine juu yake ambalo mimi hulipenda kuliko yote. Mmefundishwa shuleni kwamba chura hutaga mayai majini, mayai yanatoa viluwiluwi, na viluwiluwi huota miguu na kuwa vyura. Chura wa Kihansi hafuati njia hiyo. Jike hubeba watoto tumboni, na ngozi ya tumbo lake ni nyembamba hata unaweza kuwaona ndani. Siku ikifika anazaa vyura kamili, wenye miguu minne na macho, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita 5 hivi. Angalieni rula zenu muone milimita 5 ni kiasi gani.

Wanasayansi walimwona chura huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1996. Wenyeji wa milima hiyo walikuwa wakiusikia mto wao ukinguruma vizazi na vizazi, lakini katika vitabu vya sayansi kiumbe huyu hakuwamo. Na alipogunduliwa, mashine za ujenzi zilikuwa tayari zinafanya kazi.

Hapa msimwone mtu yeyote kuwa ndiye zimwi la hadithi. Tanzania ilihitaji umeme, na ilihitaji kweli. Hospitali zilihitaji mwanga wa kufanyia upasuaji, viwanda vilihitaji nguvu, na mvua ilipopungua katika mabwawa ya zamani, miji iliingia gizani. Mhandisi akitazama maji yanayoshuka mita 800 anaona umeme, kwa sababu maji yakianguka kutoka juu zaidi yanasukuma mitambo kwa nguvu zaidi. Tena umeme wa maji hauhitaji kuchoma mafuta wala makaa ya mawe, na moshi wa mafuta na makaa ndio unaoongeza joto la dunia. Kwa hesabu ya tabianchi, Kihansi lilikuwa chaguo zuri.

Likajengwa bwawa juu ya maporomoko. Maji yakaingizwa katika njia iliyochimbwa ndani ya mwamba, yakashuka hadi kwenye mitambo iliyowekwa chini ya ardhi, yakafua umeme, kisha yakarudishwa mtoni chini ya korongo. Ilipokamilika mwaka 2000, mitambo hiyo ilikuwa na uwezo wa megawati 180. Mto haukupoteza maji yake. Ulibadilishiwa njia tu, na njia mpya haikupita kwa chura. Karibu asilimia 90 ya maji yaliacha kuanguka korongoni. Manyunyu yakakatika, mawe yakakauka, na majani yaliyozoea kulowa mwaka mzima yakaanza kunyauka.

Tathmini ya mazingira iliyofanywa kabla ya ujenzi haikumgundua chura huyu. Nawaomba mlishike neno hilo, kwa sababu taabu yote mtakayoisikia kuanzia sasa inatokana nalo. Kama mtu angepanda kwenye lile korongo miaka kadhaa mapema akiwa na tochi, daftari na subira, mchoro wa bwawa ungeweza kuacha maji ya kutosha tangu siku ya kwanza.

Mwishoni mwa mwaka 2000, Watanzania na Wamarekani waliingia korongoni wakakusanya vyura 499. Vyura hao wakasafirishwa kwa ndege hadi New York, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, na baadaye baadhi yao wakapelekwa bustani nyingine, ikiwemo ile ya Toledo katika jimbo la Ohio. Viumbe ambao hawakuwahi kutoka kwenye hekta 2 za manyunyu sasa walikuwa ng'ambo ya bahari, katika nchi yenye theluji.

Kuwatunza ilikuwa kazi ngumu mno. Hakuna aliyewahi kumfuga chura huyu, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Watunzaji walijaribu namna ya kunyunyiza maji, kiasi cha joto, aina ya taa, hata wadudu gani wa kuwalisha, maana mdomo wa chura wa milimita 5 hauwezi kumla nzi wa kawaida. Vyura wakaugua, wakafa. Bustani moja baada ya nyingine ikashindwa, zikabaki Bronx na Toledo. Kufikia mwisho wa mwaka 2004 vyura waliokuwa hai katika bustani hizo walikuwa chini ya 70.

Nyumbani nako watu hawakukaa tu. Kwa msaada wa Benki ya Dunia na nchi wahisani, Serikali ya Tanzania ilitandaza mabomba korongoni, yenye vinyunyizio vinavyotoa matone madogo sana, ili kurudisha yale manyunyu ya zamani kwa mikono ya binadamu. Ikawekwa pia sharti kwamba kiasi fulani cha maji kiachwe kipite kwenye maporomoko bila kugeuzwa. Majani yakaanza kurudi. Vyura waliosalia wakazaana. Katikati ya mwaka 2003 walikadiriwa kuwa karibu 21,000, na mtu yeyote angesema kisa kimeisha salama.

Miezi michache baadaye wakaanza kufa kwa wingi. Januari 2004, waliotafuta korongo zima waliwaona vyura watatu.

Nini kiliwaua? Katika miili ya waliokufa ilipatikana kuvu iitwayo kitridi. Mwelewe kwanza kwamba ngozi ya chura ni zaidi ya nguo. Kwa ngozi hiyo chura anavuta hewa, anakunywa maji, na anapima chumvi ya mwili wake. Kuvu hii inaishambulia ngozi, ikaharibu mpango wa chumvi, na mwishowe moyo unasimama. Imeenea karibu dunia nzima, ikibebwa na biashara ya vyura na huenda hata na matope kwenye viatu vya watu. Mwaka 2019 kundi kubwa la wanasayansi lilitoa hesabu: spishi, yaani aina, 501 za vyura na jamaa zao zimepungua kwa sababu ya ugonjwa huu, na 90 kati ya hizo zinadhaniwa zimetoweka kabisa. Hakuna ugonjwa mwingine unaojulikana uliowahi kuangamiza aina nyingi hivyo za wanyama wenye uti wa mgongo.

Wapo wanaosema si kuvu peke yake. Wakati huohuo bwawa lilifunguliwa milango kwa majaribio, na matope yaliyoshuka yanashukiwa kuwa na dawa za kuulia wadudu kutoka mashamba ya juu ya mto. Wataalamu bado wanabishana juu ya sehemu ya kila sababu. Mimi naona jambo moja ni dhahiri: kiumbe aliyekwisha kudhoofishwa na kiu hana pa kukimbilia ugonjwa ukija. Mwaka 2009 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, linalotunza ile Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Maana yake, aliyebaki alikuwa ndani ya vioo vya bustani mbili za Marekani na si mahali pengine.

Lakini humo ndani ya vioo mambo yalikuwa yamebadilika. Watunzaji walikuwa wamejifunza taa ipi, maji gani, wadudu wepi. Wale wasiofika 70 wakawa mamia, mamia yakawa maelfu. Agosti 2010 vyura 100 walipanda ndege kurudi nyumbani, wakapokelewa katika maabara iliyoandaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watanzania waliofunzwa kuwatunza wakaendelea na kazi, na vyura wakazaliana tena katika nchi ya asili yao.

Kuwarudisha korongoni halikuwa suala la kufungua kopo na kuwaachia. Kuvu bado ilikuwepo. Ilibidi kwanza wachache wawekwe kwenye vizimba huko huko Kihansi, vyura wachunguzwe, majani yapimwe, wadudu wahesabiwe, na kila anayeingia asafishe viatu vyake. Mwaka 2012 vyura wa kwanza walirudishwa chini ya manyunyu ya mabomba. Waliowarudisha walisema ilikuwa mara ya kwanza duniani kwa aina ya chura iliyotangazwa kutoweka porini kurudishwa mahali pake. Tangu hapo wamerudishwa maelfu, awamu kwa awamu. Wengine wamefia huko, wengine wameonekana wakiwa na watoto. Orodha Nyekundu haijamwondoa katika kundi la waliotoweka porini, kwa sababu ili aondolewe ni lazima aonekane akiishi na kuzaliana mwenyewe kwa miaka mingi.

Swali moja liliulizwa sana Tanzania, na labda mmoja wenu analo mdomoni sasa: chura na umeme, kipi bora? Nalijibu bila kuzunguka. Chura hakuwahi kudai mto wote. Alihitaji sehemu ndogo ya maji, na mitambo ya Kihansi inafua umeme mpaka leo huku manyunyu yakitoka. Hatukulazimika kuchagua kimoja na kuua kingine. Tulilazimika kupanga, na kupanga tulichelewa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1992 viongozi wa dunia walikutana Rio de Janeiro, Brazil. Katika mkutano huo mmoja ilifunguliwa mikataba miwili mikubwa ili nchi zitie saini: mmoja wa kuhifadhi bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe hai, na mwingine wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Bayoanuwai mwaka 1996, mwaka uleule ambao chura wa manjano alionekana kwanza. Mikataba hiyo ilizaliwa pamoja, lakini mara nyingi inashughulikiwa na ofisi tofauti, watu tofauti na fedha tofauti. Kihansi inaonyesha kinachotokea kazi hizo mbili zikitenganishwa. Mradi wa umeme usiotoa moshi, mzuri kwa hewa ya dunia nzima, karibu ufute aina moja ya uhai.

Na mambo hayajawa mepesi tangu wakati ule. Oktoba 2015 ukame ulipunguza maji Tanzania hata mitambo ya umeme wa maji ikazimwa. Mvua zisipotabirika, kila mwenye haja na maji anavuta upande wake: mkulima wa juu ya mto anataka kumwagilia, mitambo inataka kuzunguka, na korongo linataka manyunyu. Kinachowasaidia wote watatu ni kimoja, nacho ni msitu ulio kwenye vyanzo vya mto. Msitu hupokea mvua, ukaiachia ardhini polepole, na mto ukaendelea kutiririka hata kiangazi. Anayekata miti huko juu anapunguza umeme wa Dar es Salaam, ingawa yeye haoni waya wowote.

Katika korongo hilohilo kuna kitu kingine ambacho wengi hawakijui. Kuna mti wa mbuni wa porini, jamaa wa kahawa tunayokunywa, ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Kihansi mwaka 2004. Mwaka 2019 wanasayansi walihesabu aina 124 za kahawa duniani, wakasema asilimia 60 kati ya hizo ziko hatarini kutoweka. Wakulima wa kahawa, kuanzia Kilimanjaro hadi Ethiopia, wanaona joto likipanda na magonjwa yakiongezeka. Mtafiti anayetafuta mbegu itakayostahimili joto au ugonjwa huwa anarudi msituni kutazama jamaa hawa wa porini. Hatuwezi kujua leo ni upi utahitajika. Tukipoteza korongo tunapoteza na jibu ambalo bado hatujaliuliza.

Desemba 2022, mjini Montreal nchini Kanada, nchi nyingi za dunia zilikubaliana kuhifadhi asilimia 30 ya ardhi na bahari ifikapo mwaka 2030, na kuchukua hatua za haraka kuzuia viumbe wasitoweke kwa sababu ya binadamu. Kukubaliana ni rahisi kuliko kufanya, nanyi mtakuwa watu wazima mwaka 2030 ukishapita, kwa hiyo mna haki ya kuuliza ahadi hiyo ilifika wapi. Mwaka uliofuata, yaani 2023, ilitolewa tathmini kubwa ya vyura na jamaa zao duniani. Ilisema spishi 2 kati ya kila 5 ziko hatarini, na kwamba mabadiliko ya tabianchi sasa ni miongoni mwa sababu kuu zinazowasukuma huko. Ngozi ile nyembamba haivumilii ukavu.

Mtaniuliza, sisi tufanye nini, sisi ni watoto. Nami siwezi kuwadanganya kwamba mti mmoja mtakaoupanda shuleni utamwokoa chura wa Kihansi. Kinachohitajika pale ni watu wanaojua kazi. Anahitajika fundi wa mabomba, maana kinyunyizio kikiziba kwa mchanga sehemu fulani ya korongo inakauka. Daktari wa wanyama naye anahitajika, wa kuipima kuvu, pamoja na mhandisi anayejua kugawa maji kati ya mtambo na maporomoko. Anahitajika mtu wa kukaa na wakulima wa juu ya mto, awasikilize, apange nao namna ya kulima bila kumwaga sumu mtoni. Na kabla ya kila bwawa, barabara na mgodi utakaojengwa kesho, anahitajika mtu mwenye tochi na daftari wa kupanda korongoni kwanza. Kazi hizi zinasomewa, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, ni baadhi ya mahali zinaposomewa.

Basi anayependa hesabu, anayependa wadudu na anayependa kufungua bomba kuona lilivyoundwa ndani, someni kwa bidii. Vinyunyizio vya Kihansi vinahitaji kuangaliwa kila siku, na walioanza kazi ile mwaka 2000 wanazeeka.